Nyumba Aliyoikataa kwa Adabu

Binti yangu amenikataza kutaja majina. Ati nitashtakiwa. Nimemwambia wanaostahili kushtakiwa si mimi, lakini yeye ndiye mwenye kompyuta na ndiye anayenisahihishia herufi, maana shule mimi niliishia darasa la sita. Kwa hivyo nimekubali. Majina sitayataja. Vyeo nitavitaja, na mwenye cheo chake akijisoma humu atajijua. Yuko afisa wa nyumba wa halmashauri. Yuko mkubwa wake. Yuko meneja wa hoteli. Na yuko ajenti wa Mombasa aliyeniuza mimi mwenyewe, lakini huyo Mungu alishamshughulikia kwa ugonjwa wa sukari, nitampitia mbio mbio.

Ajenti aliniambia naenda Dubai kufua mashuka ya hoteli. Nikafika Dubai, nikalazwa kwenye bohari pamoja na Wahindi na Waganda na Wanepali, kisha tukapakiwa ndege moja haina madirisha. Tuliposhuka, baridi ilinikata masikio. Milima imevaa theluji mpaka magotini. Afghanistan. Ile hoteli ilikuwa kambi ya majeshi ya kigeni, na mashuka yalikuwa magwanda ya askari. Nitafanyaje? Nikafua. Kila askari na mfuko wake wenye namba, uingie mchafu, utoke umekunjwa. Nilifua tope, nilifua jasho, nilifua damu, na hakuna aliyewahi kuniambia ni damu ya nani. Asubuhi moja roketi ikaangukia nyuma ya chumba cha kukaushia. Tangu siku hiyo sikio langu la kushoto ni pambo tu, na mkono huu ngozi yake imekuwa kama beseni la plastiki lililosahauliwa karibu na jiko. Kampuni ikanipandisha ndege na bendeji zangu. Wenye bendera zilizokuwa zinapepea pale kambini, hata mmoja hakunijua. Wewe ulikuwa mtu wa kampuni, walisema. Na kampuni ikasema, sisi tulishabadilisha jina.

Basi. Mke wangu alikuwa amenitangulia Landani, anatunza wazee majumbani mwao, na yeye ndiye aliyenileta. Tunakaa Thornton Heath, juu ya duka la mwuza mihogo na simu. Nikapata kazi kwa wakala, hoteli moja upande wa pili wa mji, treni kisha basi. Kazi gani? Mashuka. Mungu alinipangia maji na sabuni, nikikimbia huku vinanipokea kule.

Nilikuwa pale tayari hoteli ilipokodishwa na serikali. Watalii wakaondoka, zikaletwa familia za Waafghani waliofanya kazi na yale majeshi: wakalimani, madereva, mlinzi mmoja asiye na miguu. Jioni ile waziri akatokea kwenye televisheni, tai imemkaba, akasema nchi hii haiwasahau marafiki zake. Nilikuwa nakula chapati. Nilicheka mpaka mke wangu akanipiga mgongoni akidhani nimepaliwa.

Sikuwapenda. Nasema kweli na siombi radhi. Niliwaona wameketi mapokezi na mabegi yao na watoto wao, nikasema, hawa walifanya kazi kwenye kambi kama ile ile yangu, wao wamepewa Landani na mimi nilipewa tiketi. Nilisukuma kigari changu cha mashuka nikawapita bila salamu.

Kilichotukutanisha ni king'ora cha moto.

Walikuwa wanakijaribu. Meneja alibandika tangazo, lakini alilibandika kwa Kiingereza ndani ya lifti iliyokuwa mbovu. Kikalia ghafla nikiwa ghorofa ya pili. Mwenye akili timamu akisikia king'ora hutoka nje. Mimi nilijitupa chini. Sikufikiri, mwili wenyewe ulikwenda, kifua kwenye zulia, mikono juu ya kichwa, kama tulivyofundishwa kambini: lala kwanza, kimbia baadaye. Nikafungua jicho moja. Mbele yangu, pua kwa pua, kuna mwanamume amelala vilevile, suti imemkaa vizuri, ndevu zimechongwa, mkono mmoja umekandamiza kichwa cha binti yake. Tukatazamana pale chini huku kengele inapiga kelele na mhudumu wa Kipolandi anaturuka akienda zake nje.

"Kambi gani?" akaniuliza kwa Kiingereza.

Nikamtajia.

"Mimi nilikuwa ile ya kusini. Ulikuwa nani pale?"

"Dobi."

Akacheka. Amelala kwenye zulia, king'ora kinalia, anacheka. "Basi wewe ndiye uliyekuwa unanipotezea soksi zangu," akasema.

"Soksi zako? Watu wa soksi walikuwa Wanepali. Mimi nilikuwa wa suruali."

Huyo ndiye mkalimani. Alisimama katikati ya askari na wazee wa vijiji miaka na miaka, akibeba maneno ya hawa kuwapelekea wale. Kiingereza chake kilikuwa cha kijeshi, safi, cha haraka, na ndani yake mlikuwa na matusi ambayo nadhani yeye aliyaona ni maneno ya kawaida. Alikuwa na mke, watoto wadogo wawili, na huyo binti. Vyumba viwili vilivyopakana. Birika waliliweka bafuni, kwa sababu chumbani hapakuwa na pa kuliweka.

Na bafuni ndiko binti alikosomea. Kwao wasichana walifungiwa shule, hilo dunia nzima inajua. Alipofika Landani alikuwa nyuma ya wenzake kwa mbali, na mitihani ya kumaliza sekondari inamsubiri. Chumbani wadogo zake wanapigana, mama anatazama simu na kulia. Kwa hivyo aliingia ndani ya beseni la kuogea, kavu, akafunga mlango, akatandaza vitabu magotini. Niligundua nilipokwenda kuchukua taulo. Nikagonga, akasema ingia, nikamkuta mle ndani kama mtu aliyepanda mtumbwi.

"Mgongo haukuumi?" nikamwuliza.

"Unauma," akasema, "lakini hapa hesabu zinaingia."

Kuanzia siku ile nilimletea mito. Sheria ya meneja ilikuwa mto mmoja kwa kichwa kimoja. Meneja huyu, ambaye serikali ilikuwa inamlipa kwa kila kitanda kilichojaa, alikuwa na tabia ya kuhesabu mito ya wakimbizi. Mimi nilimpangia binti mito mpaka beseni likawa kama kochi la bibi harusi. Kila mtu mle hotelini alijua: yule msichana akifanya mitihani yake vizuri, ataendelea na masomo ya sayansi. Asipofanya mwaka huu, nani atamrudisha darasani na umri ule? Babake alikuwa hana neno jingine. Ukimwuliza habari ya asubuhi, anakwambia binti amemaliza kemia.

Sasa nifike kwa afisa wa nyumba.

Alikuja mchana, mwanamke wa makamo ya binti yangu mkubwa, kitambulisho kinaning'inia shingoni, kompyuta ndogo kwapani. Aliketi na mkalimani kwenye meza ya chai karibu na mapokezi. Mimi nilikuwa hapo hapo nabadilisha vitambaa vya meza, na sikio langu zima lilikuwa upande wao. Meneja naye alikuwa amesimama kaunta akijifanya anapanga funguo.

Afisa akasema kuna nyumba. Ndogo, ngazi zake nyembamba, lakini ipo mitaa miwili tu kutoka shule ya binti. "Ningependa kukupa wewe na familia yako," akasema. "Utaichukua?"

Nilimwona mkalimani anavyopata pumzi. Uso wote ulimwaka. Kisha akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akasema: "Hapana, hapana, mama. Mmetufanyia mengi sana tayari. Msijisumbue kwa ajili yetu. Pengine kuna familia yenye shida zaidi."

Mimi nikatabasamu peke yangu na kitambaa changu mkononi. Maana niliyajua maneno hayo. Sikuzaliwa Kabul, nimezaliwa Mombasa, lakini niliyajua. Kwetu ukipita kwa watu wanakula, wakakwambia karibu, unasema nimeshiba, starehe. Hata kama tumbo limeshikana na mgongo, unasema starehe. Na mwenye chakula anajua kazi yake: anasema haiwezekani, anakuvuta mkono, unakataa tena, anaapa Wallahi hatakula mpaka ukae, ndipo unakaa, na unaonja kidogo kidogo kama unayemfanyia hisani. Mtu anayeruka kwenye sinia kwa mwaliko wa kwanza, huyo hakulelewa. Na mtu anayealika mara moja kisha akaendelea kula, huyo hakutaka ule.

Nikangoja afisa afanye kazi yake.

"Una hakika?" akasema. Lakini mkono ulishafika kwenye kompyuta.

"Tuko sawa kabisa," mkalimani akasema, anatabasamu, anamsubiri.

"Okei," afisa akasema. Akaandika. Akafunga.

Mkalimani akainuka kwenda kumtengenezea chai ya kijani kwa mkono wake mwenyewe, akaiweka mbele yake na lozi kwenye kisahani. Afisa akanywa. Akaaga. Mkalimani akamsindikiza mpaka mlangoni kama balozi.

Nikamfuata hadi kwenye ngazi. "Bwana, umekataa nyumba!"

"Nani kakataa?"

"Wewe! Nimekusikia na sikio langu hili moja."

Akacheka, akanipiga begani. "Dobi, wewe ni mtu wa pwani, hukai na watu wakubwa. Yule ni mwanamke aliyesoma. Anajua. Atarudi Alhamisi kuniambia ni lazima tuichukue, nami nitamwambia basi, kwa heshima yako."

"Hawa hawarudi Alhamisi."

"Alikunywa chai yangu," akasema, kama mtu anayekuonyesha mkataba uliotiwa sahihi.

Na akapanda juu kumwambia mkewe wamepata nyumba. Nilisikia vigelegele vyao vya Kiafghani kupitia mlango. Binti akatoka mbio kwenye korido kuniuliza kama masanduku ya kadibodi yanapatikana jikoni.

Mimi nikatoka nje kwa mlango wa nyuma. Afisa alikuwa kwenye maegesho, anaingia garini. Nikamgongea kioo na mkono huu wenye kovu, nadhani nilimtisha. Nikamweleza. Kiingereza changu ni cha kuombea kazi, lakini nilieleza. Nikamwambia yule mtu hajakataa. Ile ni adabu. Mwulize tena mara mbili, hata mara moja tu, utaona.

Akanisikiliza, siwezi kusema hakunisikiliza. Kisha akasema maneno ambayo nikiyakumbuka nikiwa na sahani mkononi, naiweka chini nisije nikaivunja.

"Lakini yeye ni mkalimani," alisema. "Kiingereza chake ni kizuri kuliko cha watu wengi ninaowahudumia. Alisema hapana. Na imeshaingia kwenye mfumo."

Imeshaingia kwenye mfumo! Mwanamke ana kidole, kidole kilichoingiza si ndicho kinachotoa? Kampa mtu swali kubwa kuliko yote ya maisha yake kwa namna ile ile unayomwuliza mtu kama anataka sukari. Na ndiyo maana namtaja wa kwanza. Sisemi ana roho mbaya. Wenye roho mbaya nimewaona, wanatoa jasho wakifanya ubaya. Huyu hakutoa hata jasho.

Niliporudi ndani meneja alikuwa amesimama na mikono kiunoni.

"Umekuwa afisa wa makazi sasa?"

"Nilikuwa namweleza jambo."

"Wewe ni mashuka. Ukizungumza tena na mtu wa halmashauri kuhusu wageni, nampigia wakala wako. Na mito iliyopotea ghorofa ya pili, usidhani sijui."

Alhamisi ikafika. Mkalimani alivaa suti, akaketi mapokezi na birika la chai mpaka chai ikaota utando. Hakuja mtu. Alhamisi iliyofuata ndipo ikaja karatasi: umekataa nyumba bila sababu ya kuridhisha, hakuna ya pili, mwisho wa mwezi mtoke hotelini. Baada ya hapo waende wakajiandikishe kama watu wasio na makao, wapelekwe palipo na nafasi. Na nafasi, wakaambiwa, ilikuwa mji mmoja kaskazini kabisa, mbali hata basi la masafa linachoka, chumba juu ya duka la kamari. Mitihani ya binti ilikuwa inaanza wiki ile ile.

Ngoja niseme neno juu ya watu wetu, maana wao pia siwaachi. Jumamosi nilikwenda kwa kinyozi hapa Thornton Heath, mahali tunapokutana Wakenya na Watanzania na Wakongo, nikawahadithia. Kinyozi mwenyewe, mtu wa Kisumu, akasimamisha mashine juu ya kichwa changu.

"Wamepewa nyumba wakasema hapana? Mimi nipe hiyo hapana yao niitumie!"

Wote wakacheka.

"Hakukataa," nikasema.

"Mzee, wewe umekuwa Mwafghani lini? Serikali ilikulipia nini wewe na sikio lako?"

"Hakuna."

"Basi acha kulia kilio cha jirani. Sisi tunavunja migongo kulipa kodi, wao wanachagua nyumba kama viatu."

Niliondoka na nywele nusu. Kweli, nusu. Mke wangu alimalizia na mkasi wa jikoni. Kilichoniudhi ni kwamba maneno ya kinyozi yalikuwa yangu mwenyewe, yale niliyoyasema moyoni siku walipofika, na kuyasikia katika mdomo wa mtu mwingine yalinuka. Hivyo ndivyo wenye serikali wanavyotuweza. Wanawagombanisha wenye njaa juu ya mfupa, wao wanakula nyama kimya kimya.

Mkalimani aliruhusiwa kulalamika. Kikao kilifanywa kwenye chumba cha mikutano cha hoteli: mkubwa wa afisa, afisa mwenyewe, mkalimani, na mimi, kwa sababu nilimwambia mkalimani aniite shahidi, na meneja ampigie wakala simu akitaka. Mkubwa alikuwa mtu mpole, mwembamba, anaandika kila kitu. Akaniuliza kazi yangu pale.

"Dobi. Mashuka."

"Una utaalamu wowote wa mila za Afghanistan?"

"Mimi nina utaalamu wa kulelewa," nikamwambia. Nikamhadithia ya kwetu, sinia na starehe na haiwezekani. Akaandika. Nikamwuliza, je, bibi yako wewe, ulipokwenda kumtembelea, hakukushurutisha keki? Akatabasamu, nikadhani nimempata. Akamgeukia mkalimani.

"Bwana, nataka kuwa mwadilifu kwako. Swali moja tu. Ulipoulizwa kama unaichukua nyumba, ulisema hapana?"

Nikamtazama mkalimani. Nikamwomba kwa macho, sema hukuelewa. Sema Kiingereza kilikupotea. Sema huyu mwanamke alikuuliza vibaya. Neno moja tu, mtoto wako afanye mtihani.

Mkalimani alimtazama afisa. Yule dada alikuwa mwekundu shingoni, anachezea kamba ya kitambulisho. Alikuwa amekunywa chai yake, unaelewa? Alikuwa mgeni wake. Mbele ya mkubwa wake, mkalimani hangeweza kumwaibisha.

"Nilisema hapana," akasema. "Mama huyu hana kosa lolote. Kosa ni langu."

Mkubwa akashusha kalamu kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akamshukuru kwa ukweli wake. Akamshukuru! Uamuzi ukabaki vile vile, na nadhani yule mpole alilala vizuri. Nje kwenye korido nilimfokea mkalimani. Nilimwita mpumbavu, Mungu anisamehe, nikamwambia adabu yako hailipi kodi ya nyumba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Miaka yote ile kambini sikubadilisha neno la mtu. La mzee wala la askari. Sasa nianze na langu mwenyewe?"

Nilipiga teke kigari cha mashuka. Kidole cha mguu kikavimba wiki.

Siku ya kuondoka mke wangu alikuja. Alikuwa ametoka kwa mzee wake wa asubuhi, na sare yake ya kazi ndani ya koti. Mkalimani na familia walikuwa kwenye maegesho na mabegi, gari dogo la kuwapeleka limeshafika. Binti alikuwa amekumbatia mkoba wa vitabu, halii, ametazama ukuta tu.

Mke wangu hakusalimia kwa mbali. Akaenda moja kwa moja kwa mama wa binti, akamshika mikono yote miwili, ndipo akamgeukia mkalimani.

"Binti atakaa kwetu mpaka mitihani iishe. Atalala chumba kimoja na binti yangu."

Mkalimani akaweka mkono kifuani. "Hapana, dada. Nyumba yenu ni ndogo, mna wenu. Tutapata njia."

"Njia ndiyo hii."

"Hatuwezi kuwasumbua. Mumeo kashasumbuka vya kutosha."

"Mume wangu amezoea. Leta begi."

"Mungu akulipe, lakini kweli, hapana."

Dereva akapiga honi. Mke wangu akamtazama dereva kwa jicho ambalo mimi nalijua, honi ikanyamaza.

"Kaka," akasema, "mimi sikuulizi. Nakwambia. Wallahi siondoki hapa na sare yangu hii, na mzee wangu wa mchana ananisubiri nimpe dawa, mpaka huyu mtoto ashike mkono wangu."

Na mkalimani akainamisha kichwa, akasema lile alilokuwa amelitayarisha tangu Alhamisi ile. "Basi. Kwa heshima yako."

Unaona? Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha yai. Mtu aliyemaliza siku kumi na mbili za zamu mfululizo aliweza. Afisa mwenye gari na kitambulisho hakuweza.

Binti akakaa nasi. Asubuhi giza bado halijatoka tulipanda treni pamoja, yeye kwenda shule, mimi hotelini. Binti yangu alimwachia meza, yeye akasomea kitandani, na kila mara wakiongea ni Kiingereza tu, cheko tupu, sielewi nusu. Bafuni kwetu hamna beseni, ni bomba la mvua tu. Binti wa mkalimani alisema hilo ndilo analolikosa.

Na katika kila safari ile, basi letu lilipita kwenye ile nyumba. Yeye ndiye aliyenionyesha, alikuwa ameitafuta siku ile babake aliposema wameipata. Ngazi ya mawe mbele, mlango wa kijani. Ile familia yenye shida zaidi, hakuna iliyopewa. Halmashauri ilipiga mabati kwenye madirisha ili wasiingie wavamizi. Mpaka anamaliza mitihani yake mabati yapo. Mpaka leo ninapoandika yapo, nimeyapita jana. Nyasi za mbele zimenifika kiunoni.

Alifanya karatasi zote. Ya mwisho ilikuwa fizikia. Babake akaja na basi la masafa kumchukua, Jumapili, amekonda, suti ile ile imemlegea mabegani. Kule kaskazini alipata kazi ya kupakia mizigo bohari. Mke wangu alikuwa amepika pilau tangu asubuhi, ya nyama ya mbuzi, na kachumbari, maana alisema mtu huyu atakataa kila kitu na lazima pawe na vya kutosha kumshurutisha.

Tukaketi. Mkalimani alikula sahani ya kwanza bila maneno mengi. Aliuliza habari za fizikia, binti akajibu nzuri. Sahani ikaisha. Mke wangu akainuka na mwiko umejaa, akavuta pumzi kabisa, nilimwona, ameshapanga haiwezekani zake na Wallahi zake zote mdomoni.

"Nikuongeze?"

Mkalimani akanyoosha sahani hapo hapo. "Ndiyo," akasema. "Niongeze."

Mke wangu alibaki amesimama na mwiko hewani. Yule binti aligeuka akamtazama babake kama mtu aliyemsikia akitoa tusi mezani. Mkalimani hakumtazama mtu. Alishika sahani yake mbele kwa mikono miwili, ameishika kwa nguvu, akingoja.